Shangazi, wanunuzi wa vitu vya kale wanatugongea mlango wa bibi kabla hata siku ya kuuza haijafika

Shikamoo Shangazi,

Mi naishi Tabata ila kwetu hasa ni Ilala, nyumbani kwa bibi mzaa mama. Bibi alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Mirathi tumeshamaliza mahakamani, mjomba ndo msimamizi, nyumba tumekubaliana haiuzwi tutapangisha, ila vitu vya ndani tukasema kila mtu achukue cha ukumbusho alafu vinavyobaki tuviuze hapohapo barazani, hela igawanywe. Nyumba yenyewe ni ile ya Kiswahili ya zamani, ukumbi katikati vyumba sita, na bibi alikua mtu wa kutunza, yani hata kopo halitupi. Basi mi nikapiga picha nikaweka stetasi na kwenye grupu la mtaa, nikaandika tunauza vitu vya bibi Jumamosi saa tatu asubuhi.

Shangazi, wameanza kugonga Alhamisi usiku. Na Jumamosi yenyewe hata sala ya alfajiri watu hawajatoka msikitini tayari kuna gari nje.

Wa kwanza ni mzee mmoja wa kanzu na koti, mpole sana, kakaa chini katupa pole ya msiba, kamsomea bibi fatiha, alafu akaomba aone kasha. Bibi alikua na kasha la njumu, yani lililopambwa kwa misumari ya shaba, pembeni ya kitanda, lina droo tatu chini. Mzee akapitisha mkono kwa nyuma, akafungua akanusa ndani, akasema mwanangu hili lishaliwa na wadudu ila kwa heshima ya marehemu nitawasaidia. Akampa mjomba elfu hamsini, eti kishika mkono asiuziwe mtu mwingine. Bei hakutaja. Wa pili ni kijana anasema ana wateja Mwenge, huyo kaenda moja kwa moja kwenye cherehani ya bibi, Singer ile ya kuzungusha kwa mkono, akawa anapitisha simu karibu na sindano anasikiliza kama mtandao unakata, anasema kama ndo yenyewe ina mamilioni ila lazima aondoke nayo akapime, mama mdogo nusura ampe. Alafu wakaja wawili na Noah, hawa wakaanza kusogeza vitu upande mmoja, masinia, masufuria, redio mbovu, pasi ya mkaa, vitabu, na juu yake wakaweka na picha ya ndege iliyokua ukumbini, imechorwa kwenye bao gumu la kahawia, wakasema vyote laki na nusu tunawasaidia kusafisha nyumba. Ile picha mama anasema ameikuta ukutani tangu yuko shule ya msingi. Na kabla hawajaondoka wakauliza mlango wa mbele, ule wa nakshi, kama tunautoa watatuwekea geti jipya la chuma bure.

Kuna pia kopo la Blue Band lina hela za zamani, na bangili moja nyeupe nzito ambayo mama anasema ni pembe ya ndovu.

Mjomba anataka mzee achukue vyote kwa laki nane tumalize. Mama mdogo analia. Mi nikasema hauziwi mtu kitu leo, nikafunga mlango, siku ya kuuza tukaisogeza mbele. Sasa simu haziishi. Tuwafanyaje hawa watu Shangazi, ni matapeli au ndo biashara ilivyo? Na hela ya mzee turudishe?

Mjukuu wa Ilala

Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba.

Kufunga mlango umefanya la maana kuliko yote. Nguvu ya mnunuzi wa vitu vya kale ni haraka. Yeye anajua anachokitafuta na nyie hamjui mnachokiuza, na hiyo tofauti anajua haidumu, mkipata siku chache za kuuliza watu imekwisha, ndo maana anagonga Alhamisi wakati tangazo linasema Jumamosi. Kasha limekaa chumbani kwa bibi miaka yote hiyo, halitaharibika wiki mbili zijazo. Kwa hiyo usimwogope anayesema leo au basi. Akirudi wiki ijayo ujue alikua analitaka kweli, na hawa wanarudi.

Sasa matapeli au biashara? Mi nimeuza fanicha za mkono wa pili Keko miaka mingi, wanunuzi hawa nimekaa nao, nimewauzia na nimenunua kwao, na nakuambia wengi si wezi. Anaishi kwa kununua chini kuuza juu, kama muuza mitumba yeyote, na ana gharama zake, gari, fundi wa kurekebisha, kodi ya duka, na kitu kinaweza kumkalia hata mwaka mzima hakijapata mteja. Kwa hiyo akikupa nusu ya bei atakayouzia, au hata pungufu kidogo ya nusu, hajakudhulumu, na nyie msije mkaona kasha kwenye duka la Mji Mkongwe au kwenye mtandao limeandikwa bei ya kutisha mkadai na nyie hiyohiyo. Ile ni bei ya kuomba, iliyouzwa hujui. Dhuluma ni pale anapokwambia uongo kuhusu kitu chako ili ukitoe kwa bei ya kuni. Hapo ndo pa kuwa macho.

Kuna na wakusanyaji, hao ni wengine. Mkusanyaji hauzi, anaweka kwake, anatafuta kitu kimoja tu, labda sarafu, labda santuri, labda kanga za zamani za enzi za TANU. Mara nyingi anakuja peke yake na ukimuuliza swali moja anakupa hadithi nusu saa. Mpeni kiti. Mtu wa namna hiyo ana raha ya kueleza, na kwenye maelezo yake mtajifunza mengi bila kutoa hata shilingi, na mara nyingi kwa kile kimoja anachokipenda analipa kuliko mfanyabiashara kwa sababu hana wa kumuuzia.

Turudi kwa mzee wa kanzu. Simhukumu kwa fatiha, Mungu ndo anajua nia yake, na kama alimjua marehemu amefanya vizuri. Ila angalia mkono wake ulikwenda wapi, nyuma ya kasha. Mtu asiyejua anaangalia mbele kwenye njumu zinazong'aa. Anayejua anaangalia nyuma, chini na ndani, kwa sababu makasha yanatengenezwa Zanzibar mpaka leo kwa ajili ya watalii, mazuri kabisa, na mbele yanaweza kufanana na la zamani. Makasha ya kale mengi yalikuja na majahazi kutoka India, kuna wanayoyaita ya Surat, ya Bombay, na mengine ya Shirazi, na kila aina ina watu wake wanaoitafuta.

Kaa nalo mwenyewe, chukua tochi. Toa droo zote tatu uzigeuze, tazama pembe za droo mbao zimeunganishwaje, kama meno yamekatwa kwa mkono hayatalingana sana, moja nene moja nyembamba, ya mashine yanalingana yote. Tazama chini ya kasha miguu imelika vipi, kitu kilichoburutwa sakafuni miaka mingi kinalika bila mpangilio. Chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu, iguse kwenye njumu na mabati ya pembeni, shaba ya njano haishiki sumaku, ikishika ujue ni chuma kimepakwa rangi ya shaba. Fungua kifuniko, upande wa ndani huwa kuna kijisanduku kidogo kimeshikana na ukuta wa kasha, na kwenye makasha mengi mafundi waliweka humo au chini yake sehemu ya siri, ubao unaovutwa juu. Papasa humo taratibu, msiuze kasha na hati za kiwanja cha babu ndani yake. Kuhusu wadudu, piga piga kwa kiganja juu ya karatasi nyeupe, ukidondoka unga mpya wa mbao basi wadudu wako hai na fundi anatibu, kama ni matundu matupu makavu hiyo ni alama ya zamani na haishushi thamani kama alivyosema. Na nakuomba sana, msisugue njumu kwa Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, na msipake vanishi. Ule weusi kwenye shaba ndo umri wake, ukiutoa umetoa hela.

Elfu hamsini irudisheni leo. Bei haikutajwa, kwa hiyo hakuna mlichouziana, yeye kawafunga kamba tu ili msimuuzie mwingine, na kadiri hela inavyokaa kwenu ndivyo atakavyokuja kusema tulikubaliana. Mjomba amrudishie kwa simu ili ujumbe ubaki, aandike ni ya nini, na amwambie kwa heshima, mzee wangu karibu siku mpya ya kuuza, utaliona kasha pamoja na wenzio. Kama ni muungwana atakuja.

Kijana wa cherehani ndo anayenitia wasiwasi kuliko wote. Hiyo habari ya simu na sindano ni uvumi wa zebaki nyekundu, kitu cha kufikirika tu kinachosemwa kina thamani kubwa, ulilipuka Saudi Arabia mwaka 2009, watu wakawa wananunua cherehani za Singer kwa bei za ajabu wakiamini ndani kuna zebaki nyekundu, na jinsi ya kupima ndo hiyohiyo, unaweka simu karibu na sindano kama mtandao unakata basi ipo. Hakuna kitu kama hicho ndani ya cherehani mwanangu. Ni chuma, mafuta na sindano. Sasa mtu anayekuja na habari hii leo ni moja kati ya wawili, ama mwenyewe kadanganywa anatafuta utajiri, ama ana mchezo, na mchezo wenyewe unaujua, anaondoka nacho kupima, au anarudi anasema mmepata bahati mteja yupo ila kuna hela kidogo ya vipimo inatakiwa mtangulize. Akifika hapo mkatae hapohapo, na kitu chochote kisitoke nje ya mlango bila kulipiwa, awe nani awe nani. Mwambie mama mdogo Shangazi kasema. Cherehani yenyewe kama inashona inauzika vizuri tu, kuna mafundi wanazipenda hizo za mkono kwa sababu hazihitaji umeme, na namba iliyopigwa kwenye chuma pale chini inaonyesha mwaka iliyotengenezwa, orodha za namba za Singer zipo mtandaoni unaangalia bure.

Wale wa Noah ndo wajanja wenyewe. Hawakua wanataka masufuria. Hii mbinu naijua tangu nikiwa msichana, mtu anakusanya takataka nyingi, anachanganya na kile kimoja alichokijia, anataja bei ya fungu, na wewe unafurahi nyumba inasafishika. Ukitaka kujua ni kipi, kitoe kimoja kimoja useme hiki hakiuzwi uangalie uso. Ukitoa masinia watasema sawa. Ukitoa ile picha, sura itabadilika.

Na mi nahisi najua kwa nini. Umesema imechorwa kwenye bao gumu la kahawia, ndege, na mama kaikuta ukutani tangu shule ya msingi. Hiyo ni hadibodi, na Dar hii mwishoni mwa miaka ya sitini Edward Saidi Tingatinga ndo alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vibao vya namna hiyo kwa rangi za mafuta, zile za kupakia baiskeli, akiuza pale Morogoro Stores Oysterbay. Alichora miaka michache sana, alifariki 1972 kwa kupigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, kwa hiyo kazi za mkono wake ni chache na wakusanyaji wa Ulaya na Japani wanazitafuta kwa hela nyingi. Walikuwepo na wanafunzi wake wa mwanzo, akina January Linda, Ajaba Abdalla, Adeusi Matambwe, Simon Mpata, na kazi zao za miaka ile nazo zina wenyewe. Sikupi matumaini ya uongo, za kuigiza ni nyingi, hata jina lake limeandikwa kwenye picha ambazo hakuzigusa, na inawezekana yenu ni ya fundi mwingine kabisa wa baadaye. Ila kitu ambacho kinaweza kuwa hicho hakitoki kwenye fungu la masufuria. Iondoeni ukumbini, msiifute kwa maji wala sabuni, msiiweke kwenye fremu mpya, ifungeni kwenye shuka safi aitunze mama. Chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga kiko hapohapo Morogoro Stores, pelekeni picha ya simu, mbele na nyuma, pamoja na sahihi kwa karibu, waulizeni wazee, na msimwachie mtu bao lenyewe.

Mlango ule wa nakshi hauuzwi kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa nakshi hapa kwetu kabla ya 1940, haiwi mali ya kung'oa tu na kupakia kwenye gari, na kuutoa nje ya nchi bila leseni ni kosa. Waulizeni Idara ya Mambo ya Kale, iko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, kama wenu unaingia humo. Na hata pasingekua na sheria, mwanangu, nyumba mmesema mnaipangisha, mlango huo ndo sura ya bibi yenu pale mtaani. Ilala na Kariakoo milango hii imekwisha, imebadilishwa na mageti ya chuma moja baada ya nyingine, na inaniuma kila nikipita. Wekeni kitasa cha maana na taa ya usiku hapo mbele, kwa sababu watu wameshauona.

Bangili nayo ifichwe isionekane mezani wala kwenye picha, na usiiweke tena stetasi. Kama ni pembe kweli hiyo ni nyara ya serikali, kukaa nayo au kuiuza bila kibali ni kosa kubwa kwenye sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, na biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1989. Kusema ni ya bibi hakukusaidii. Mjomba kama msimamizi atafute wakili kwanza amweleze, kisha waende pamoja kwa watu wa wanyamapori wajue cha kufanya. Kama kuna kitana cha gamba la ng'amba, yani kasa wa baharini, mahali nacho kiwe upande huohuo. Na akija mtu anayenong'ona kuhusu bangili kabla hamjaitaja, huyo mumtoe nje.

Kopo la hela ni la kukaa nalo jioni na watoto, mtafurahi. Msizioshe. Nasema tena msizioshe, wala kwa ndimu wala kwa majivu, mkusanyaji wa sarafu akiona imesuguliwa anaiweka chini. Zitengeni tu. Zenye mfalme kavaa kofia ya chuma yenye tai juu na maandishi ya Kijerumani ni rupie za wakati wa Mjerumani, hizo ni za madini ya fedha na zina wateja. Shilingi za Afrika Mashariki zenye simba na milima nyuma, tazameni mwaka, mpaka 1946 zina madini ya fedha kidogo ndani, robo tu, kuanzia 1948 hazina. Zenye tundu katikati ni nyingi sana, msitegemee makubwa. Senti hamsini ya sungura na ishirini ya mbuni, za mwaka 1966 kuendelea, hizo kila nyumba ya Dar ilikua nazo, wapeni watoto. Na akitokea mtu akiuliza kama kuna ya dhahabu yenye tembo, anaizungumzia rupie kumi na tano iliyotengenezwa Tabora 1916 wakati wa vita, tembo kainua mkonga na Kilimanjaro nyuma, ipo kweli na ni dhahabu kweli, ila za bandia zimejaa kuliko za kweli, kwa hiyo msiuze wala msinunue ya namna hiyo bila sonara kuipima mbele yenu.

Umetaja na redio mbovu na vitabu. Hebu angalia na santuri kama zipo, chini ya kitanda au juu ya kabati, watu hawazioni. Santuri za Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, zilizorekodiwa Bombay kuanzia 1928 zinatafutwa sana, na zile ndogo za bendi zetu za dansi za miaka ya sitini na sabini kuna Wazungu wanapanda ndege kuzifuata. Zisimame wima, zisilale moja juu ya nyingine juani barazani, zitapinda.

Sasa siku yenyewe. Wahusisheni mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, waambieni mapema kuna watu watakuja. Vitu vyote viuzwavyo vitoke barazani, mlango wa ndani ufungwe, asiingie mtu eti anaomba maji au choo, manake wanachotaka ni kuchungulia vyumba. Watasema kuna vingine huko ndani? Jibu moja tu, vilivyo hapa ndo vinauzwa. Wa kushika hela awe mmoja na wa kukubali bei awe mmoja, na nakushauri uwe wewe, kwa sababu hawa wana tabia ya kumvuta mtu pembeni, atamwita mjomba nje kwenye gari, atamwambia maneno ya kiume, atatoa noti ahesabu mbele ya macho yake, na mtu akishaona noti akili inahama. Mkubaliane kabla kwamba jibu la kila mtu mwingine ni moja, ongea na mjukuu. Vitu vya kawaida, masufuria, viti, vitambaa, andikeni bei kwenye selotepu mbandike, hapo hakuna siri na majirani wanunue kwa raha. Bei ya fungu msiongee kabla ya saa nane mchana.

Kasha, na vichache ambavyo mmeona vina watu, msiviandike bei na msikubali swali la unataka ngapi. Akiuliza, mwambie aandike yeye. Wekeni kikopo na karatasi, kila mnunuzi aandike jina, simu na bei yake ya mwisho, akunje, saa tisa mnafungua mbele ya wote na mkiona hata ya juu hairidhishi mna haki ya kutouza. Nakwambia hivi kwa sababu hawa wanajuana. Mmoja anakuja asubuhi anataja bei ya kukuvunja moyo, kisha saa tano anakuja mwenzie ambaye hamumjui anaongeza kidogo na nyie mnaona mmeokoka, kumbe wametoka gari moja. Karatasi iliyokunjwa inawasumbua, hamjui nani kaandika nini na wao pia hawajui. Wapigieni simu wote waliokuja, mzee wa kanzu, wa Noah, na wa maduka ya vitu vya kale Mwenge na Masaki, wote waambiwe siku na saa ileile. Atakayesema nitawaletea sofa mpya mnipe kasha, mwambie sofa tutanunua wenyewe.

Hela ikija kwa simu usiangalie ujumbe, angalia salio, ujumbe wa kughushi siku hizi uko kila mahali. Taslimu ihesabiwe na wawili. Na kitu kikubwa kikiuzwa andikeni karatasi ya mauziano, kitu gani, kiasi gani, nani kauza nani kanunua, shahidi asaini, mjomba ataihitaji siku ya kuonyesha warithi hela ya marehemu imekwendaje.

Mjomba msimtie aibu. Mwanaume anayesimamia mirathi ana mzigo, anataka umwishie, na mzee alimjia kwa heshima, hilo si kosa lake. Mkae naye jioni moja, umwonyeshe haya niliyoandika, umwambie laki nane ya leo kwa kila kitu ni ndogo kuliko anavyofikiri na msimamizi ana wajibu wa kupata bei ya haki kwa niaba ya wote. Mama mdogo naye aulizwe anachokililia, mara nyingi si hela, kuna kitu kimoja humo ndani anakitaka na hajapata pa kusema. Kikiwa kasha, basi kasha lisiuzwe, limwendee yeye na thamani yake ihesabiwe kwenye fungu lake.

Ukishatoa droo nitumie picha ya nyuma ya kasha na ya chini, na ile ya nyuma ya bao la ndege, bila kuonyesha mtaa wala namba ya nyumba. Na zile picha za stetasi na za grupu zifute sasa hivi.

Shangazi